Uzito wa Mwili na Mawe ya Figo

Mgonjwa wa mawe ya figo huuliza juu ya maji, kisha juu ya chumvi. Ni nadra kuuliza juu ya mizani, nasi wahudumu ni nadra kumpandisha.

Mwaka 2005 Eric Taylor na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi wahudumu wa afya zaidi ya 240,000. Wanaume waliozidi kilo 100 walikabiliwa na hatari ya kupata mawe iliyokuwa kubwa kwa asilimia 44 kuliko ya wale wasiofika kilo 68. Kwa wanawake ilikaribia maradufu. Waliokuwa wameongezeka zaidi ya kilo 15 tangu ujana wao nao walikuwa hatarini zaidi. Huu ni uhusiano tu. Utafiti ule haukuthibitisha kwamba kupungua uzito huzuia jiwe.

Lakini sababu zaeleweka. Mwili mnene huelekea kuwa sugu kwa insulini, na homoni hii huisaidia figo kutengeneza amonia, inayobeba asidi kwenye mkojo. Amonia ikipungua, mkojo huwa mkali. pH ikishuka chini ya 5.5, asidi ya yuriki haiyeyuki vizuri, hujikusanya na kuwa jiwe. Ndiyo maana jiwe hili huonekana sana kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Eksirei ya kawaida hailioneshi, basi picha safi isituridhishe upesi: ultrasaundi hulibaini mara nyingi. Habari njema ni kwamba mara nyingi huyeyuka kwa sitrati ya potasiamu, dawa ipunguzayo ukali wa mkojo, bila upasuaji.

Njia ya kupunguza uzito nayo ina uzito wake. Anayeacha ugali na kushiba nyama, maini na dagaa huongeza asidi mkojoni. Upasuaji wa kuupitisha chakula kando ya tumbo hupunguza kilo, ila huongeza oksaleti kwenye mkojo, hivyo aliyefanyiwa afuatiliwe. Maziwa yasikatazwe, kalsiamu ya chakula huinasa oksaleti tumboni kabla haijafika figoni. Na maji yanywewe hadi mkojo ufikie lita 2.5 kwa siku, isipokuwa kwa mgonjwa wa moyo au wa figo zilizodhoofika, ambaye daktari wake humpangia kiasi.

Maumivu ya ubavu yakiandamana na homa na kutetemeka, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo: huenda jiwe limeziba njia na mkojo ulionaswa umeingia maambukizi.