Mozaiki ya Muhogo: Herufi 200 Zinazoamuru (Sehemu ya Pili)

Ukishuka kutoka Kamanyola kuelekea Uvira, unapita Katogota. Simama kwenye shamba la mihogo utazame majani machanga. Yakiwa na mabaka ya manjano, tena yamekunjamana, huo ndio ugonjwa wa mozaiki. Watanzania huuita batobato. Juma lililopita tuliona namna nzi weupe wanavyoueneza. Leo tuingie ndani ya seli.

Kirusi chake kina DNA iliyofungwa kama pete. Pete ni mbili, A na B, kila moja ina herufi 2,800 hivi za DNA, na jeni zote hazifiki kumi. Hakina hata mtambo wa kusomea jeni zake; huazima ule wa muhogo, ndani ya kiini cha seli. Kinawezaje basi kuudumaza mti mzima?

Jibu liko katika kipande cha herufi 200 hivi, kinachokaribia kufanana kabisa katika pete zote mbili. Kipande hicho hakitengenezi protini yoyote. Kinaamuru tu: jeni ipi isomwe, na lini. Jeni zimejipanga kulia na kushoto kwake. Upande mmoja husomwa mapema, nayo protini iitwayo Rep hutoka. Rep hukirudia kipande kilekile, hushika herufi fupi zinazojirudia, kisha huikata pete penye herufi TAATATTAC ili kunakili kuanze.

Hapa ndipo ninaposhangaa kila mara: Rep ikishika hapo, huizima jeni iliyoizaa. Kirusi hakipotezi nguvu kutengeneza kilicho nacho tayari. Protini nyingine, TrAP, huchochea usomaji wa upande wa pili kwa kupitia protini za muhogo wenyewe. Koti la kirusi huja baadaye, na bila koti hilo nzi mweupe hawezi kukibeba.

Pete za virusi tofauti huweza hata kuchanganyika: mwaka 1997 wanasayansi walionyesha kwamba kirusi kilichoangamiza mihogo ya Uganda kilizaliwa kwa virusi viwili vya mozaiki kuchanganya DNA zao. Virusi viwili vikikutana katika mti mmoja, mti huumia zaidi.

Hakuna dawa ya kupuliza inayozifuta pete hizo shambani. Pingili iliyokatwa kwenye mti mgonjwa huenda nazo hadi shamba jipya. Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla ya kukata mbegu, kagua majani ya juu. Mti wenye mabaka ung'oe ungali mchanga, na pingili zake usimpe jirani.