Juma Zima Osaka

Msafiri anayekwenda Japani kwa mara ya kwanza kwa kawaida huigawa wiki yake mafungu matatu: Tokyo, Kyoto na Osaka. Mpango huo unapendeza kwenye karatasi. Ukishafika, sehemu kubwa ya likizo inaishia kwenye kufunga mabegi na kusubiri saa ya kuingia chumbani, ambayo hoteli nyingi za huko zimeiweka saa tisa alasiri na haziisogezi kwa urahisi. Mwenye siku saba tu ningemshauri achague mji mmoja, na mji huo uwe Osaka.

Sababu ya kwanza ni wenyeji wake. Osaka, yenye watu wapatao milioni 2.7, ni mji wa wafanyabiashara tangu zamani. Enzi za mashoguni, watawala wa majimbo walihifadhi mchele wa kodi katika maghala yaliyokuwa kandokando ya mito yake, na Wajapani wakaubandika jina la jiko la taifa. Mwaka 1730 soko la mchele la Dojima lilipata kibali rasmi cha utawala, na humo watu wakawa wanapatana leo bei ya mchele wa miezi ijayo, biashara ambayo masoko makubwa ya bidhaa duniani yanaifanya hadi sasa. Wajapani wenzao huwaona watu wa Osaka kuwa wasemaji na wapenda utani. Mgeni anayeogopa ukimya wa Wajapani atapumua hapa.

Sababu ya pili ni treni. Kyoto ni nusu saa tu kwa treni ya kawaida ya haraka, Kobe vilevile, Nara kama dakika 40, Himeji saa moja. Unatoka asubuhi ukiwa na mkoba mdogo, jioni unarudi kitandani kwako.

Chagua majira kwanza, tiketi ya ndege baadaye. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili miti ya sakura inachanua, na bei za vyumba zinapanda pamoja na maua. Kati ya Aprili 29 na Mei 5 Wajapani wenyewe wako likizoni, kwa hiyo treni na hoteli hujaa. Epuka siku hizo. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua. Agosti joto hupita nyuzi 35, tena lenye unyevu, na hata mzaliwa wa Tanga atalilalamikia. Septemba kuna vimbunga. Chaguo langu ni Novemba, majani yanapokuwa mekundu na hewa ni kavu. Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji viza, inayoombwa ubalozi wa Japani Dar es Salaam au Nairobi. Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tangu itolewe, hivyo usiiombe mapema mno.

Ndege zinazopitia Dubai au Doha hutua Kansai, uwanja uliofunguliwa mwaka 1994 juu ya kisiwa kilichojengwa na binadamu katikati ya ghuba. Saa za Japani zimetangulia za kwetu kwa saa sita, basi siku ya kwanza usijipangie kitu zaidi ya kula na kulala. Hapo hapo uwanjani nunua ICOCA, kadi ya nauli inayotumika kwenye treni, mabasi na hata madukani. Umeme wao ni wa volti 100 na plagi ni ya pini mbili bapa, kwa hiyo chaja yako ya pini tatu itahitaji adapta.

Kaa mitaa ya Namba au Umeda, karibu na njia ya Midosuji, treni ya chini ya ardhi yenye rangi nyekundu inayoupasua mji kutoka kaskazini hadi kusini tangu mwaka 1933. Kwenye ngazi za umeme, watu wa Osaka husimama kulia na kuwaachia wenye haraka upande wa kushoto, kinyume kabisa na Tokyo. Treni hulala karibu na saa sita usiku, na teksi ni ghali.

Sasa tufike kwenye chakula, maana bila hicho Osaka haina habari. Dotonbori, mtaa wa kando ya mfereji uliojaa taa za matangazo, ndiko watu wote huanzia. Huko wapishi huchoma takoyaki, vidonge vya unga vyenye pweza ndani, kwenye chuma chenye vishimo ambacho mpika vitumbua yeyote wa Pwani angekitambua. Kuna okonomiyaki, chapati nene ya kabeji na mayai inayokaangwa mbele yako. Mara nyingi ina nyama ya nguruwe, ila unaweza kuomba ya kamba au ngisi. Mtaa wa Shinsekai una kushikatsu, mishikaki ya kukaangwa, na sheria yake moja ni kwamba ukishauma, huchovyi tena kwenye sosi ya wote. Mwislamu aulize pia kuhusu mafuta, maana mengine ni ya mnyama. Namba ina migahawa kadhaa ya halali.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba tambi za papo kwa papo, hizi zinazouzwa sasa hadi vijijini, zilizaliwa hapa. Momofuku Ando alizibuni mwaka 1958 mjini Ikeda, kaskazini ya Osaka, na jumba lake la makumbusho linafikika kwa treni. Mwaka huohuo, kitongoji kingine cha mji huu kilianzisha mgahawa wa kwanza wa sushi inayozunguka kwenye mkanda.

Kasri la Osaka lisikupe taabu. Toyotomi Hideyoshi alianza kulijenga mwaka 1583, lakini mnara unaouona leo ni wa zege, wa mwaka 1931, na ndani una lifti. Nenda kwa ajili ya kuta: kuna jiwe linalokadiriwa kuwa na zaidi ya tani 100. Afadhali jioni uende Jumba la Taifa la Bunraku, ambako watu watatu humwendesha mwanasesere mmoja hadi ukasahau kuwa wapo. Maonyesho hayafanyiki kila mwezi, angalia ratiba kabla ya kupanga.

Katika siku za kutoka, mbili zipe Kyoto, na ufike kwenye malango mekundu ya Fushimi Inari alfajiri, kabla ya makundi. Nara inatosha siku moja: Buddha wa shaba mwenye urefu wa mita 15 hivi, aliyewekwa wakfu mwaka 752, na paa zaidi ya elfu moja wanaotembea barabarani wakidai biskuti. Kobe kuna msikiti wa kwanza wa Japani, wa mwaka 1935, ulionusurika mabomu ya vita na tetemeko la 1995. Usinunue tiketi ya jumla ya reli. Ya siku saba ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na hata kwenda Hiroshima na kurudi kwa treni ya mwendokasi hakufiki nusu ya bei hiyo.

Siku ya mwisho, ndege za kwenda Dubai na Doha huondoka Kansai usiku. Acha begi kwenye makabati ya kulipia ya stesheni ya Namba, panda treni ya Nankai hadi hekalu la Sumiyoshi, rudi kula, kisha chukua treni ya kampuni hiyohiyo hadi uwanjani. Ya haraka hutumia kama dakika 40.