Nishati Mpya za Meli na Mbolea ya Mkulima wa Ubaruku

Ingawa Ubaruku, katika Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, iko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, kilimo chake cha mpunga kimefungamana na safari za meli, kwa kuwa yuria, ambayo ni mbolea ya kukuzia inayotegemewa na wakulima wa Bonde la Usangu, huagizwa kutoka nje ya nchi na kushushwa bandarini Dar es Salaam kabla ya kupandishwa kwenda Nyanda za Juu Kusini. Kwa sababu hiyo, mjadala wa kimataifa kuhusu nishati itakayoziendesha meli za mizigo unamhusu mkulima huyo kwa njia mbili: kupitia nauli ya shehena, na kupitia mbolea yenyewe.

Meli nyingi kubwa huchoma mafuta mazito, yaani masalia yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutenganishwa na mafuta ghafi, na moshi wake hubeba masizi, gesi za salfa zinazodhuru mapafu, na hewa ukaa inayoongeza joto duniani. Tarehe 1 Januari 2020 Shirika la Bahari Duniani, IMO, lilishusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa katika mafuta hayo kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5, hatua iliyosafisha hewa ya miji ya bandari lakini haikugusa hewa ukaa, ilhali usafiri wa majini huchangia takribani asilimia 3 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Ndipo mwaka 2023 nchi wanachama zilipokubaliana kuufikisha uchafuzi huo kwenye sifuri halisi ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo.

Miongoni mwa nishati mbadala, gesi asilia iliyopozwa sana hadi kuwa kimiminika hutoa hewa ukaa pungufu, lakini methani inayovuja bila kuungua huongeza joto kwa nguvu zaidi na hivyo kupunguza faida hiyo. Methanoli, ambayo ni aina ya alkoholi inayoweza kutengenezwa kutokana na mabaki ya mimea, ilianza kuendesha meli ya makontena mwaka 2023, Laura Maersk ilipoingia kazini, ingawa ile inayozalishwa kwa njia safi bado ni haba na ghali.

Nishati ya tatu ni amonia, muungano wa nitrojeni na haidrojeni usio na kaboni, na ndiyo malighafi inayochanganywa na hewa ukaa kiwandani ili kupata yuria. Amonia ni sumu kali inayodai tahadhari kubwa kwa mabaharia, huhitaji matangi yenye ujazo wa takribani mara tatu ya yale ya mafuta ya kawaida, na isipoungua vizuri huweza kutoa oksidi ya nitrojeni inayoongeza joto. Zaidi ya hayo, nyingi huzalishwa leo kwa gesi asilia au makaa ya mawe, kwa hiyo meli ikiitumia bila kubadili uzalishaji wake, uchafuzi utakuwa umehama tu kutoka baharini kwenda kiwandani. Amonia safi hupatikana pale haidrojeni inapotolewa kwenye maji kwa umeme usiotokana na mafuta, gesi wala makaa.

Uhusiano wa nishati na mbolea ulijidhihirisha mwaka 2022, bei ya gesi ilipopanda duniani, yuria ikapanda pamoja nayo, na Serikali ya Tanzania ikalazimika kuzindua ruzuku ya mbolea jijini Mbeya mwezi Agosti. Meli zikianza kugombania amonia ileile kabla uzalishaji haujaongezeka, shinikizo la namna hiyo linaweza kujirudia shambani. Kwa upande mwingine, Tanzania ina gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, pamoja na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, rasilimali zinazoweza kuzaa amonia kwa ajili ya mbolea kwanza na ya meli baadaye.

Oktoba 2025 nchi wanachama wa IMO ziliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi kuhusu kanuni za kutoza ada meli zinazochafua kupita kiasi. Muda huo unaipa Tanzania nafasi ya kudai kwamba sehemu ya ada hizo igharimie viwanda vya nishati safi katika nchi zinazoagiza mbolea, ili gharama ya kuisafisha bahari isiishie kwa mkulima wa mpunga.