Kabati la Jikoni Lililochakaa: Sura Mpya kwa Fedha Kidogo

Kabati la jikoni huchakaa nje kabla ya kuchakaa ndani. Vanishi huwa nyeusi pale vidole vinapogusa kila siku, rangi hubanduka karibu na sinki, bawaba hulegea na mlango ukaning'inia upande mmoja. Sanduku lenyewe, yaani pande zake, sakafu, rafu na ubao wa nyuma, mara nyingi bado ni zima. Seremala akiitwa kutengeneza makabati mapya, sehemu kubwa ya gharama humezwa na sanduku hilo lisiloonekana: ununuzi wa mbao au bodi, kukata, kuunganisha na kufunga ukutani. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo huanza kwa kujiuliza kama sanduku linafaa kubaki. Likifaa, kinachobaki ni milango, droo, bawaba na vishikio, na kazi hiyo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya makabati mapya.

Jiko lenye makabati ya vipimo vinavyolingana, yaliyopangwa ukutani kuanzia mwanzo wa ujenzi, lina umri wa takriban karne moja. Mfano wake maarufu ulibuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Austria, kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt nchini Ujerumani, na majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yakajengwa. Ernst May, aliyeongoza mpango huo wa nyumba, baadaye alihamia Afrika Mashariki.   Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya makabati ya jikoni yamechukua umbo la hapa. Kaunta ni zege lililofunikwa kwa vigae au terazo, limebebwa na kuta fupi za tofali, na mbele yake imefungwa fremu ya mbao yenye milango. Mwenye jiko la namna hii ana bahati, kwa sababu sanduku lake ni la zege, halivimbi kwa maji, na milango peke yake ndiyo inayohitaji kushughulikiwa.

Kabati la mbao au la bodi lazima likaguliwe kwanza, na mahali pa kuanzia ni chini ya sinki. Chipubodi, ambayo ni vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, hunywa maji, huvimba, na haitarudi katika unene wake hata ikikauka. Ikibonyezwa kwa kidole ikabonyea, haifai. Hata hivyo sakafu moja iliyooza haihukumu kabati zima: bomba linalovuja likishatengenezwa, ubao huo unaweza kung'olewa na kuwekwa kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi pande zote na kwenye kingo. Mbao hugongwa kwa mpini wa bisibisi. Sauti ya utupu, au udongo mwembamba kwenye pembe, ni dalili ya mchwa. Vitundu vidogo vyenye unga laini chini yake ni kazi ya dumuzi. Wadudu hao wauawe kabla ya senti moja kutumika kwenye urembo, maana rangi mpya huwaficha tu huku wakiendelea kula.

Baada ya ukaguzi, milango na droo huondolewa, na kila mlango hupewa namba kwa penseli nyuma ya mahali pa bawaba, namba ileile ikiandikwa kwenye fremu. Milango ya jiko moja huonekana sawa, lakini kila mmoja umezoea nafasi yake, na ikichanganywa haitafunga vizuri.

Usafi unaofuata ndio unaoamua kama kazi itadumu, na ndio watu wengi huupitia haraka. Mvuke wa mafuta ya kukaangia hutua juu ya mbao miaka nenda miaka rudi, hukauka na kuwa utando mgumu unaonata, hasa juu ya jiko la gesi na kuzunguka vishikio. Rangi yoyote ikipakwa juu ya utando huo itabanduka kama ngozi. Maji ya moto yenye sabuni ya vyombo huondoa uchafu mwepesi. Kwa utando sugu kuna magadi, yaleyale yanayolainisha maharage na yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya: yakiyeyushwa kwenye maji moto hushambulia mafuta na kuyageuza kuwa kitu kinachoyeyuka. Glovu za mpira zinahitajika, na uso wote usuuzwe kwa maji safi mara mbili, kwa kuwa mabaki ya magadi nayo huzuia rangi kushika. Mbao tupu isiyo na vanishi isioshwe kwa magadi, kwani hubadilika rangi na kuwa na giza. Hiyo hufutwa kwa kitambaa chenye tapentaini. Inawezekana kabisa usafi huu ukaonyesha kwamba kabati halikuhitaji rangi, lilihitaji kuoshwa tu.

Mlango ulioning'inia mara nyingi una skrubu zilizopoteza mshiko. Tundu lililopanuka hujazwa vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, vikaachwa vikauke usiku kucha, vikakatwa sambamba na uso, kisha skrubu ikarudishwa. Dawa hii haigharimu chochote na hudumu. Makabati ya bodi ya miaka ya karibuni hutumia bawaba za kufichika, ambazo kikombe chake huingia katika tundu lenye kipenyo cha milimita 35 nyuma ya mlango. Bawaba hizo zina skrubu za kurekebishia: ya kusogeza mlango kulia au kushoto, na nyingine ya kuusogeza mbele au nyuma. Jiko lililoonekana kuukuu kwa sababu mianya kati ya milango imepinda hubadilika sana kwa nusu saa ya bisibisi.

Kuhusu rangi, kuna mbao zisizostahili kupakwa. Nyumba nyingi za zamani zina milango ya mninga, mkongo au mvule, na leo mbao hizo ni ghali na zimeadimika. Kuzifunika kwa rangi nyeupe ni hasara, tena hasara ngumu kuirekebisha. Ni bora kuukwangua ule utando wa vanishi nyeusi kwa msasa namba 120, kumalizia kwa namba 220 kufuata mkondo wa nyuzi, na kupaka vanishi mpya isiyo na rangi. Chini ya weusi huo mninga huwa na uso wa dhahabu na wekundu ambao hakuna bodi ya kiwandani inayoufikia. Vumbi la mbao hizi huwasha pua na koo na linaweza kuamsha pumu, kwa hiyo barakoa ni ya lazima. Anayetumia mafuta ya kitani badala ya vanishi aanike vitambaa vyake vikiwa vimekunjuliwa, nje ya nyumba, maana vikirundikwa hujipatia joto na vinaweza kushika moto vyenyewe.

Mwenye kuamua kupaka mbao ngumu rangi nyepesi ajue kwamba mbao hizo kwa asili hutoa maji ya kahawia yanayopenya rangi na kuacha madoa. Madoa hayo huzuiwa kwa rangi maalumu ya msingi ya kuyafungia, na hapo si mahali pa kubana matumizi. Milango ya melamini au formica ina tatizo tofauti: uso wake ni laini kiasi kwamba rangi haina pa kushika. Msasa namba 180 huondoa ule mng'ao, bila kuutoboa utando, kisha hupakwa rangi ya msingi inayoshika kwenye nyuso laini. Kingo za bodi ya MDF hunywa rangi mithili ya karatasi, hivyo hupakwa rangi ya msingi mara mbili na kusuguliwa kidogo katikati.

Tahadhari moja haina mjadala. Rangi za mafuta za zamani huenda zina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio huumia zaidi, kwenye ubongo. Rangi ya namna hiyo haikwanguliwi kavu wala kuchomwa kwa moto; husuguliwa kwa msasa wa maji, watoto na wajawazito wakiwa mbali, na matope yake hukusanywa kwa kitambaa na kutupwa.

Rangi ya mafuta hutoa uso mgumu unaosafishika, lakini nyeupe yake hugeuka manjano, hasa ndani ya kabati kusikofika mwanga. Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na vyuma hubaki nyeupe, hainuki sana, na brashi zake huoshwa kwa maji. Rangi ya kawaida ya ukutani haifai mlango wa kabati kwa hali yoyote, hata ikiwa ilibaki stoo na haina gharama: itachubuka kwa kucha na kunywa mafuta. Kiasi kinachohitajika hupatikana kwa hesabu fupi. Mlango wa sentimita 40 kwa 70 una mita za mraba 0.28 kila upande. Milango 12 pande zote mbili hufika takriban 6.7, na pamoja na fremu na nyuso za droo, kama 8. Mikono miwili ya rangi ni mita za mraba 16. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12, kwa hiyo lita mbili zinatosha na kubakiza za kurekebishia mikwaruzo.

Milango hulazwa juu ya vipande vya mbao, sehemu za ndani za michongo zikapakwa kwa brashi na nyuso pana kwa rola ndogo ya sponji. Mkono mwembamba uliokauka vizuri ni bora kuliko mzito unaotiririka. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, unyevu wa hewa huchelewesha ukaukaji, na rangi iliyokimbizwa hubaki ikinata. Kazi hiyo ni afadhali ingoje kiangazi.

Vishikio ni kitu kidogo chenye athari kubwa, kwa kuwa jicho na mkono huvifikia kwanza. Kabla ya kwenda dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, hupimwa umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, katikati hadi katikati. Vipimo vya kawaida ni milimita 96 na 128. Kishikio kipya chenye umbali uleule hufungwa kwa dakika chache. Chenye umbali tofauti hulazimisha matundu ya zamani kuzibwa kwa puti kabla ya kupaka rangi.

Mlango uliovunjika kabisa si lazima ununuliwe mwingine. Kabati la juu huweza kubaki rafu wazi ya vyombo vinavyotumika kila siku, ingawa karibu na jiko vyombo hivyo vitashika mafuta. Chini ya kaunta ya zege, pazia la kitenge kwenye waya ulionyoshwa hufanya kazi ya milango miwili, hupitisha hewa, na hufuliwa. Seremala wa Keko, Dar es Salaam, au wa mtaani naye anaweza kukata milango mitupu ya plaiwudi kwa vipimo vya ile ya zamani, mwenye nyumba akaipaka rangi mwenyewe. Karatasi za vinili za kubandika huwafaa wapangaji, kwani huondoka bila kuharibu mali ya mwenye nyumba. Ila pembeni mwa jiko la gesi joto huzikunja, na hapo zisibandikwe.

Rangi ya maji hukauka kuguswa ndani ya saa chache, lakini ugumu wake kamili huchukua wiki mbili hadi nne. Milango ikirudishwa mapema, hufungwa kwa upole na vipande vidogo vya mpira hubandikwa kwenye pembe ili isigandie fremu. Katika muda huo uchafu hufutwa kwa kitambaa laini chenye maji tu, na sabuni huanza kutumika baadaye.