KAZI YA UMEME PASIPO KARATASI: HATARI YAKE



Vakansi inakaribia. Kila mara shule ikifungwa, wengi wetu tunatafuta kazi ndogo ya kupata minervali. Wamoja wanalima viazi, wamoja wanabeba mizigo Sake, na wamoja ambao walisoma fizikia kidogo wanajiita mafundi wa umeme. Tunasema: "Kifungu cha 15!" Maana yake: jipange mwenyewe. Sisi kapita wa shule tunapenda kusema juu ya hao wa mwisho, kwa sababu na sisi tulikuwa kati yao.

Vakansi moja tulikuwa Goma. Mama mmoja alituomba tumtilie prizi moja jikoni. Nyumba yake ni ya mbao, sawasawa nyumba nyingi za Goma zilizojengwa juu ya mawe ya volkano. Tulichukua fili nyembamba tuliyokuwa nayo, tukaiunganisha, tukaifunga na karatasi ya gundi, tukajaribu na ampuli. Ampuli ikawaka, tukalipwa, tukaenda na furaha. Usiku wa tatu mama akachomeka resho na pasi pamoja. Mtoto wake, ambaye alikuwa hajalala bado, ndiye alisikia harufu ya moto. Walipokata umeme, mbao nyuma ya fili zilikuwa zimekwisha kuwa nyeusi. Asubuhi mama akatuita. Hakututukana. Aliuliza tu: "Mtoto wangu, hii kazi ulisomea wapi? Karatasi yako iko wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulirudisha pesa yake, na minervali ikabaki deni.

Tuangalie sasa kosa letu lilikuwa wapi. Kuwaka kwa ampuli hakuonyeshi kama kazi ni nzuri. Kunaonyesha tu kama umeme unapita.

Kwanza, hesabu ya fili. Mwalimu alitufundisha: nguvu ni sawa na volti mara ampere. Resho ya wati 1500 na pasi ya wati 1000 zinafanya wati 2500. Gawanya na volti 220, unapata ampere 11 na zaidi. Fili yetu ilikuwa ya nusu milimeta mraba, inayofaa ampere 3 hivi. Tena joto la fili haliongezeki sawasawa na ampere, linaongezeka kwa mraba wake. Umeme ukizidi karibu mara 4, joto linazidi zaidi ya mara 14. Njo vile mbao zilianza kuungua. Fundi aliyesoma anatia fili ya milimeta mraba 1,5 kwa taa, na 2,5 kwa prizi. Fili nene iko bei kali kidogo, lakini nyumba iko bei kali zaidi.

Pili, fizibo. Kazi ya fizibo ni kufa mbele ya nyumba kuungua. Lakini tumeona watu, ikikatika, wanaweka uzi wa shaba au msumari kusudi "isisumbue tena". Mtu akifanya hivyo amemuua mlinzi wa nyumba, kisha analala akizani mlinzi yuko mlangoni.

Tatu, mwili wetu. Milampere 1 unaisikia sawasawa sindano ndogo. Kufika 10 hivi, misuli inafunga na mkono hauwezi tena kuachia fili. Ikipita 30, pumzi na moyo viko hatarini. Ndiyo maana vyombo vya kukinga watu vinawekwa vikate umeme kwa milampere 30. Sasa piga hesabu: mtu aliyelowa maji anaweza kuwa na omu 1000 tu. Volti 220 gawanya na 1000, ni milampere 220! Na huku kwetu Mushaki mvua inanyesha sana, udongo ni majimaji, na wengi tunafanya kazi miguu mitupu. Tukumbuke tarehe 2 Februari 2022 kule Kinshasa, soko la Matadi-Kibala: waya ya umeme mkubwa ilikatika ikaanguka pahali penye maji ya mvua, watu 26 wakafa, wengi wao mama wa soko. Maji na umeme havijuani na huruma.

Nne, wengine watasema: "Hiyo ni mambo ya Goma, wanaopata umeme wa Matebe. Sisi huku milimani tunatumia pano za jua na grupu." Tusijidanganye. Batri ya volti 12 haipigi mtu, ni kweli. Lakini ukigusisha ncha zake mbili na ufunguo wa chuma, mamia ya ampere yanapita mara moja, chuma kinakuwa chekundu na batri inaweza kupasuka na kumwaga asidi machoni. Na kile chombo kinachogeuza volti 12 kuwa 220 kinaua sawasawa umeme wa kampuni. Grupu nayo, ukiichomeka ndani ya nyumba iliyoungwa kwenye laini pasipo kukata laini kwanza, umeme unarudi nyuma. Transfoma inaupandisha, na fundi aliye juu ya nguzo, akijua laini imezimwa, anakufa. Hutamwona hata uso, lakini ni mkono wako.

Sasa karatasi. Wenzetu wa Tanzania wanaomba leseni kwa EWURA, wa Kenya kwa EPRA, kila mmoja kwa kiasi cha ujuzi wake. Hapa Kongo, sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 inapanga mambo ya kutoa na kugawa umeme. Hakuna mtu wa kujipandia nguzo na kuunga jirani yake. Tena kuna sheria ya zamani zaidi ambayo kila mtu anapaswa kuijua. Kifungu cha 15 tunachokitaja kila siku ni mchezo wa maneno tu. Lakini kifungu cha 258 cha sheria ya raia, kitabu cha tatu, kiko kweli: anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kulipa. Na vifungu vya 52 na 53 vya sheria ya makosa vinasema juu ya mtu anayeua pasipo kukusudia, kwa kukosa uangalifu: gereza kutoka miezi 3 mpaka miaka 2, na faini. "Sikujua" haitoshi mbele ya zuzi, maana kosa lenyewe ni kufanya kazi usiyoijua.

Neno la Mungu linafundisha vilevile. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye kujenga nyumba anaamriwa kutia ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Fizibo na fili nene ni ukingo wetu wa leo.

Basi tufanye nini, na minervali inahitajika? Hatusemi tuache kazi ya umeme. Tunasema tuanze chini. Tumfuate fundi mwenye cheti, tubebe ngazi yake, tuchimbe mifereji ya fili, tutazame mikono yake. Na hiyo inalipwa kidogo. Kisha anayependa kazi hii aiingie kwa mlango wake: shule ya ufundi yenye seksio ya umeme, ao INPP, ambayo ilianzishwa 1964 na iko Goma pia. Na mama ao baba akituita tumtilie prizi, tumjibu pasipo haya: "Mama, hiyo kazi sijaisomea. Ngoja nikuitie anayejua."

Yule mama wa Goma alitusamehe. Mwingine pengine hatapata nafasi ya kusamehe.

Kapita wa shule, finalisti