Mzee anayelima naye anahitaji mazoezi ya miguu

Mzee wa Busawe akiambiwa afanye mazoezi, mara nyingi hucheka. Amelima tangu utotoni, mazoezi gani tena? Kweli, jembe hujenga mikono na mgongo, na kufuata ng'ombe huongeza pumzi. Lakini kinachomzuia mtu asianguke ni nguvu za mapaja, pamoja na uwezo wa mwili kujiweka sawa haraka mguu unapoteleza. Vyote viwili hupungua kadiri umri unavyosogea, hata kwa mkulima.

Fikiria choo cha shimo usiku. Mzee amechuchumaa gizani, hana cha kushika, na mapaja yanatakiwa kuinua mwili mzima. Hapo ndipo wengi huanguka. Nyonga ikivunjika, ni safari ya Mugumu au mbali zaidi, na wengine hawatembei tena kama zamani. Hata asiyevunjika huingiwa na hofu. Anashinda amekaa, misuli inanywea, na kuanguka mara ya pili kunakuwa rahisi zaidi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio na zaidi ya miaka 60 ndio wengi. Shirika hilo linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku tatu kwa wiki. Kutembea peke yake hakutoshi.

Ushahidi upo. Miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwafundisha wazee mazoezi ya nyumbani, wakianza na akina mama wa miaka 80 na zaidi. Kuanguka kulipungua kwa karibu theluthi moja. Hawakuhitaji mashine za gharama.

Kwa hapa kwetu, kiti imara kilichoegemezwa ukutani kinatosha. Keti, kisha simama polepole bila kujisukuma kwa mikono. Ukishindwa, shika kiti kwanza. Rudia mara tano, na wiki zinazofuata ongeza hadi kumi. Usianze na kigoda kifupi, hicho ni cha baadaye. Halafu shika mgongo wa kiti, inuka kwa ncha za vidole vya miguu na ushuke taratibu. Mwisho, simama mguu mmoja ukiwa umeshika, hesabu hadi kumi, badili mguu. Ukizoea, shika kwa kidole kimoja tu. Zoezi lisilokutikisa hata kidogo halifundishi mwili kujiweka sawa, ndiyo maana lazima mtu awe karibu. Mjukuu anafaa sana kwa kazi hiyo, naye ndiye mwenye simu ya kukusomea haya.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata: acha, nenda zahanati. Anayetumia dawa za presha asiinuke ghafla kitandani. Akae ukingoni kidogo kwanza. Aliyewahi kuanguka mwaka huu amwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Na chooni, fundi wa kijiji anaweza kuchimbia nguzo ya kushika pembeni mwa shimo. Ni kazi ya nusu siku.