Mgonjwa Afunguliwe Faili Lake

Rekodi ya afya ya kielektroniki ni faili la mgonjwa lililohamishiwa kwenye kompyuta: historia ya maradhi yake, majibu ya vipimo, picha za eksirei, dawa alizoandikiwa, chanjo, mzio, pamoja na maelezo ambayo daktari huandika kila anapomaliza kumwona. Kwa miaka mingi faili hilo, liwe la karatasi au la kompyuta, lilisomwa na watu wengi hospitalini isipokuwa mwenyewe. Sasa katika nchi kadhaa mgonjwa hufungua tovuti au programu ya simu, hujitambulisha kwa nenosiri na kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake, kisha husoma akiwa nyumbani kila kilichoandikwa juu yake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1973 Wamarekani wawili, Budd Shenkin na David Warner, waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine wakipendekeza kila mgonjwa apewe nakala kamili ya rekodi zake bila hata kuiomba. Kanuni zilizoanza kutumika Marekani mwaka 2003 zilimpa mgonjwa haki ya kuona rekodi zake, lakini ilimbidi aombe, alipie nakala na asubiri hata siku 30. Wengi hawakujisumbua.

Mageuzi makubwa yaliletwa na jaribio lililoanza mwaka 2010 kwa jina la OpenNotes, likiongozwa na daktari Tom Delbanco na muuguzi Jan Walker wa Boston. Madaktari 105 wa Boston, Seattle na vijijini Pennsylvania walikubali wagonjwa wao wasome maelezo ya kila ziara kwa intaneti. Wenzao wengi waliliona jambo hilo ni la hatari, na hofu yao ilikuwa na msingi. Maelezo ya kitabibu yamejaa vifupisho, na mara nyingi yana dhana ambazo daktari bado anazichunguza. Mtu akisoma usiku, akiwa peke yake, kwamba daktari anamshuku kuwa na saratani, nani atamtuliza? Walihofia pia kwamba simu za maswali zisingekoma na foleni za kliniki zingerefuka.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na hofu hizo kwa sehemu kubwa hazikutimia. Kati ya wagonjwa 13,564 waliofunguliwa maelezo, 11,797 waliyasoma angalau mara moja. Waliosema yamewatia wasiwasi, yamewachanganya au yamewaudhi walikuwa kati ya asilimia 1 na 8, kutegemea kituo. Miongoni mwa waliokuwa kwenye dawa na wakajibu maswali ya watafiti, asilimia 60 hadi 78 walisema wamekuwa waangalifu zaidi kuzitumia walivyoelekezwa. Ni madaktari wachache mno waliosema muda wa kumwona mgonjwa umeongezeka, ingawa baadhi yao walibadili namna ya kuandika kuhusu unene, ulevi na maradhi ya akili, wakijua mhusika atasoma. Mabadiliko hayo nayo ni faida, maana mgonjwa anastahili kuandikwa kwa heshima. Jaribio lilipokwisha, asilimia 99 ya waliojibu walitaka liendelee, na hakuna daktari hata mmoja aliyejitoa.

Faida nyingine ilidhihirika baadaye, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 22,889 wa Marekani waliokuwa wamesoma maelezo yao waliulizwa kama wameona makosa. Takriban mmoja kati ya watano alisema ndiyo, na asilimia 40 ya hao waliona kosa lao ni kubwa: ugonjwa ambao hawakuwahi kuugua, dawa waliyoacha, mzio ulioachwa, wakati mwingine hata habari za mgonjwa mwingine zilizoingizwa kwenye faili lao. Daktari anayewaona watu wengi kwa siku moja hawezi kuyanasa yote haya. Mwenye mwili anaweza, akipewa nafasi ya kusoma.

Sheria iliyotiwa saini Marekani Desemba 2016 ilikataza vituo vya afya na kampuni za kompyuta kuzuia taarifa hizi, na kanuni zake zikaanza kutumika tarehe 5 Aprili 2021. Tangu hapo majibu mengi ya maabara humfikia mgonjwa yanapokamilika, mara nyingine kabla daktari hajayatazama. Hapa pana ugumu wa kweli: mtu anaweza kugundua ana uvimbe wa saratani akiwa kwenye basi. Hata hivyo, wagonjwa 8,139 waliohojiwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2023 walikuwa na msimamo wa wazi. Asilimia 96 walitaka waendelee kupata majibu papo hapo. Wenye majibu yasiyo ya kawaida walipata wasiwasi zaidi kuliko wengine, lakini wengi wao hawakutaka kusubiri. Dawa ya tatizo hili ni mazungumzo ya mapema: daktari anapoagiza kipimo, amweleze mgonjwa majibu yanaweza kuwa nini, na amuulize kama angependa kuyasoma mwenyewe au kuyasikia kliniki.

Estonia, nchi ya watu wapatao milioni 1.3, inafaa kutazamwa kwa sababu nyingine. Huko taarifa za hospitali zote huonekana mahali pamoja, na raia huingia kwa kitambulisho chake cha taifa cha kielektroniki. Mfumo huandika jina la kila aliyefungua faili. Mgonjwa akiona mtumishi asiyemhudumia amechungulia, anaweza kudai maelezo. Anaweza pia kufunga sehemu asizotaka madaktari wengine wazione.

Ulinzi wa namna hiyo ni wa lazima, kwani siri ya ugonjwa ikivuja haizoleki. Mwaka 2020 Ufini ilitikiswa pale mdukuzi aliyeiba rekodi za kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Vastaamo alipowatisha wagonjwa mmoja mmoja akidai fedha. Hakuingia kupitia simu za wagonjwa. Aliingia kwenye hifadhi ya kampuni iliyoachwa bila ulinzi wa kutosha. Hatari nyingine iko nyumbani: mume mkorofi anaweza kumlazimisha mkewe afungue faili, na mzazi akasoma siri ambayo kijana alimweleza muuguzi. Mfumo mzuri huruhusu ukurasa wa aina hiyo ufichwe, na kanuni za Marekani zinakubali taarifa izuiwe pale inapoweza kumletea mtu madhara.

Katika Afrika Mashariki mgonjwa kubeba rekodi yake si jambo geni. Mama mjamzito hurudi nyumbani na kadi ya kliniki, uzito na chanjo za mtoto huandikwa kwenye kadi au kijitabu anachokitunza mama, na katika zahanati nyingi za Tanzania mgonjwa huja na daftari lake. Ndiyo maana hospitali zinapohamia kwenye kompyuta bila kumfungulia mgonjwa mlango, humpunguzia alichokuwa nacho. Sheria tayari ziko upande wake: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinampa mtu haki ya kuziona taarifa zake na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa, na zote huzihesabu za afya kuwa taarifa nyeti. Vikwazo viwili vinahitaji kushughulikiwa mapema. Simu moja mara nyingi hutumiwa na watu kadhaa katika kaya, na maelezo ya daktari huandikwa kwa Kiingereza. Tovuti isiyo na ufafanuzi wa Kiswahili itawafaa wachache.

Hata pasipo na tovuti, mgonjwa aombe nakala ya majibu yake kabla ya kuondoka hospitalini, akague jina, umri, mzio na orodha ya dawa, na akiona kosa alitaje hapo hapo.